Bi Tima Alivyohama Nyumba Yake Siku Tatu

Vijana wangu wa Amu, na nyinyi mliotoka bara mkaja mkawa wetu, nimechoka na ujumbe wenu wa simu. "Shikamoo Bi Zaina, nitumie ile fomu ya wasia nijaze." Fomu! Mnadhani kufa ni kuomba kuunganishiwa maji? Nimestaafu, magoti yananiuma, na sina fomu. Nina maneno tu. Basi kaeni niwaambie mara moja, mkome kunisumbua wakati wa kula.

Nimeandika hati za mali za watu kwa zaidi ya miaka thelathini: wasia, hiba, wakfu, na barua za uwakili za kumruhusu mtu kusimamia mali ya mgonjwa. Nilianza kama mpiga chapa wa Maalim Badi, mwandishi wa hati aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko. Aliniajiri kwa sababu moja tu. Wanawake wenye nyumba hawakutaka kushuka kwenda kumweleza mwanamume mambo yao, na Maalim naye asingeweza kuwapandia juu. Basi mpandaji nikawa mimi, na mashine ya chapa kwapani. Ngazi za nyumba zetu mnazijua. Nikifika juu nilikuwa natweta hivi kwamba mabibi walinipa maji kwanza, wakidhani ni mimi niliyekuja kuusia.

Maalim alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likanichosha: "Zaina, andika ukijua atakayeisoma hakupendi." Nikiandika "nyumba ya karibu na msikiti," anaichana. Msikiti upi? Mji huu una misikiti mingapi? Nikiandika "kusini imepakana na nyumba ya fulani," anauliza fulani akiuza je? Nikiandika jina la mtu kama anavyoitwa mtaani, anavua miwani, anafumba macho, anataka jina la kitambulisho, jina la baba, jina la babu, ndipo hilo la mtaani lifuate. Nilimchukia miaka miwili mizima. Kisha nikaanza kuzisoma hati za watu wengine, nikamwombea dua.

Mashahidi nao ni elimu yake. Mzee mmoja wa Ndau alikuja kwa boti na mashahidi wake wawili, watu wa heshima, ndevu nyeupe. Wote wawili walikuwa wakubwa kuliko yeye. Mmoja ilibidi abebwe kutoka gatini. Nikamwambia, "Bwana, huna vijana huko kwenu?" Akakasirika, akasema vijana hawana maana, hawa ndio watu wa kuaminika. Haya, tukaandika. Shahidi wa kwanza akafariki kabla ya mfungo, wa pili baada ya mfungo, na yule mzee mwenyewe akaishi miaka kumi na moja mingine, anakula pweza kwa meno yake. Ilibidi turudie hati yote. Chagueni mashahidi watakaowazika, si mtakaowazika nyinyi.

Na mwalimu mmoja wa sekondari, Mkristo wa kutoka bara, kijana mstaarabu sana, aliniletea wasia alioutoa kwenye intaneti. "Bi Zaina, hii iko sawa kabisa, nataka tu mhuri." Nikausoma. Ulisema usimamiwe kwa sheria za jimbo moja la Amerika ambalo mimi hata kulitaja siwezi. Nikamuuliza, "Mwalimu, huko ulifika lini?" Akacheka. Nikaendelea kusoma, nikakuta mali yote amempa mkewe, na shahidi wa kwanza aliyetia sahihi ni huyo huyo mkewe! Nikamwambia sheria yenu haipendi anayepewa awe ndiye anayeshuhudia. Utamnyima kwa mkono uleule unaompa. Hakucheka tena. Tukatafuta majirani wawili wasiopewa hata kijiko, wakatia sahihi wote wawili mbele yake, yakaisha.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, maana wazee tunapenda kusimulia makosa ya wengine. Nikiwa bado mgeni wa kazi, mzee mmoja wa Tchundwa alitaka kumpa shamba la minazi mtoto wa mkewe, binti aliyekuwa akimuuguza. Mtoto wa kambo harithi, hilo mnalijua. Basi nikamwandikia hiba, yaani kutoa mali ukiwa hai. Niliiandika kwa madaha, kila herufi mahali pake, hata Maalim aliusifu mwandiko kabla hajaisoma vizuri. Mzee akaiweka sandukuni, akaendelea kuangua nazi zake na kuzila na kufukuza watoto wa watu shambani kama kawaida. Alipofariki, nduguze wakaenda kwa kadhi. Kadhi aliuliza neno moja: "Alikabidhi?" Maana hiba ni mambo matatu, mtoaji aseme nimetoa, mpokeaji aseme nimepokea, na kitu chenyewe kitoke mkononi mwa huyu kiingie mkononi mwa yule. Hilo la tatu halikufanyika. Karatasi yangu nzuri ikawa ya kufungia karanga.

Yule binti nilikutana naye gatini. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, alinisalimia, akaniuliza watoto hawajambo. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika shavu.

Kwa hiyo Bi Tima aliponiita, nilikwenda nikiwa tayari nimeshaumwa na nyoka.

Bi Tima alikuwa mjane, hakuzaa, na ulimi wake uliogopwa mitaa miwili. Nyumba yake ya mawe, ghorofa mbili, aliachiwa na mamake, na mamake aliachiwa na mamake, kwa desturi yetu ya kumpa mwana wa kike nyumba ili asije akafukuzwa na mume. Yeye hakuwa na mwana wa kuzaa, lakini alikuwa na Nuru. Mamake Nuru alikuwa rafiki yake wa Kiunga, alifariki akijifungua, na Bi Tima akamchukua yule mtoto angali na siku tisa. Sasa Nuru alikuwa mtu mzima, mshona kofia, na ndiye aliyemwogesha na kumpikia. Mrithi wa Bi Tima kwa sheria alikuwa mmoja, Feisali, mwana wa marehemu kakake, anayekaa Mombasa. Feisali si mtu mbaya. Ila kila akija kumwamkia shangazi yake alikuwa akipima kuta kwa hatua, na alishasema mbele za watu kwamba nyumba ile ingefaa kuwa hoteli ya wageni.

"Zaina, ndoo ukae kiti hiki," Bi Tima aliniambia. "Andika wasia. Nyumba ni ya Nuru. Maliza unywe kahawa."

Nikamweleza. Wasia hauvuki theluthi ya mali, na mali yake ilikuwa ni hiyo nyumba tu. Akiandika wasia, Nuru atapata theluthi na Feisali atapata iliyobaki, na theluthi ya nyumba mtu hailali. Njia ni hiba. Na hiba lazima akabidhi.

"Haya, nimekabidhi. Ufunguo huu hapa."

"Ufunguo peke yake hautoshi, Bi Tima. Sharti utoke."

"Nitoke ndia ipi?"

"Mlangoni. Wewe na vitu vyako vyote. Nyumba ibaki tupu, Nuru aishike. Ukishatoka, akikukaribisha, utarudi kama mgeni wake."

"Nyumba hiyi nimezawa ndani yake," akasema. "Nimeolewa ndani yake, na mume nimemzika kutoka ndani yake. Nitaitoka kwa jeneza. Kahawa yako hiyo, kunywa wende zako."

Nilikwenda zangu. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Mara ya nne nilimkuta hanisemeshi. Nikamwambia ya Tchundwa, yote, na namna yule binti alivyoniuliza watoto wangu. Nuru alikuwa anashona kule kwenye baraza ya ndani, hajui tunasema nini, anaimba kwa sauti mbovu.

"Nusu saa haitoshi?" Bi Tima akauliza.

"Kwa sheria, huenda ikatosha. Kwa majirani haitoshi. Nataka mtaa mzima ukuone umehama. Siku tatu."

"Nitakaa wapi siku tatu?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. "Kwangu," nikasema.

Nuru akaitwa akasema nimepokea, hati ikatiwa sahihi mbele ya mashahidi, tukahama siku ya Jumatano kwa punda watatu. Nilikuwa na daftari, naandika kila kinachotoka, na kila kitu kilikuwa na kesi yake. "Hata ufagio?" Hata ufagio. "Hata mbuzi ya kukunia nazi?" Hata mbuzi. Vyungu vya chumvi, mitungi, mikeka, sahani za vidaka vya ukutani moja moja. Makasha alikataa yafunguliwe, akataka yahesabiwe yakiwa yamefungwa, nikakubali. Paka wake watatu walihamishwa mara mbili na mara zote mbili wakarudi kwa juu ya mapaa kabla punda hajafika. Bi Tima akafurahi sana. "Waona? Wao hawakutoa hiba!" Nikaandika kwamba paka ni wa mtaa.

Nilipopita chumba kwa chumba kuhakikisha, nikakuta kanzu ya marehemu mumewe nyuma ya mlango. Nikamwita.

"Hiyo si yangu," akasema. "Ni yake. Yeye hakutoa kitu."

"Bi Tima, isibaki."

Wallahi nilijiona mkatili. Alikuwa ameiacha pale tangu siku ya mazishi, haijafuliwa. Akaitungua mwenyewe, akaikunja, na akakataa kumpa mwenye punda. Aliibeba mkononi mpaka kwangu, na mimi nikawa natembea nyuma yake nikijifanya nasoma daftari.

Basi kitanda. Kitanda cha Bi Tima kilikuwa cha samadari, kile cha zamani chenye miguu mirefu iliyochongwa, na fundi aliyekiingiza ameshakufa na siri yake. Wachukuzi walikataa kukivunja, wakakifunga kizima juu ya punda. Punda alikwenda vizuri mpaka kona ya kwanza. Pale kona kitanda kikashika ukuta wa huku na ukuta wa huku, na punda akawa chini yake kama mtu aliyejibanza mvua. Mbele haendi, nyuma harudi. Na wakati huohuo watu wakatoka kusali alasiri.

Walikusanyika wanaume wasiopungua ishirini upande wa pili wa kitanda, wote wana haraka. Muuza duka anataka kufungua, fundi anataka kwenda kazini, imamu mwenyewe amesimama na viatu mkononi. Bi Tima akaja mbele, akajifunga buibui vizuri.

"Nini hiki, Bi Tima?" muuza duka akauliza.

"Nahama. Nyumba si yangu tena, nimempa Nuru. Weye mato huna? Hukuona mtu kuhama?"

"Umempa Nuru nyumba yote?"

"Ulitaka nimpe nusu, nyingine nikupe weye? Pita ndia nyingine!"

Akamjibu kila mtu vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka seremala alipokuja na msumeno na Bi Tima akatishia kumkata yeye kwanza. Mwishowe kitanda kikainuliwa kwa kamba kutoka dirisha la jirani. Mimi nilitaka mtaa ujue. Hadi magharibi, hata watu wa kijiji cha Shela walikuwa wameshajua.

Siku tatu zile nyumbani kwangu sizisahau. Alipanga upya jiko langu. Alisema maji yangu yana chumvi, mkate wangu wa mofa haujaiva, na samaki wangu wa kupaka amepakwa kwa uchoyo. "Siyui nani alokufunza kupika, Zaina, lakini umuombe radhi mumeo." Mume wangu Kassim alihamia barazani kabisa. Siku ya pili alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwa huzuni: "Hiba hiyi itakwisha lini?"

Kila asubuhi Bi Tima alisimama dirishani kwangu, kutoka pale unaona paa la nyumba yake. Siku ya tatu aliniuliza, "Na Nuru akikataa kunikaribisha?"

Nikamwambia ukweli: "Akikataa, huna la kufanya. Ndiyo maana ya kutoa."

Niliogopa atabadili nia. Akacheka, akasema basi huyo mtoto atakuwa kweli amelelewa na yeye.

Jumamosi tulirudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikamwambia, "Bisha hodi, Bi Tima. Unaingia kwa watu." Akanikodolea macho, kisha akaugonga ule mlango karibu auvunje. "Hodi!" Nuru akafungua, akamuona, akaangua kilio, hawezi hata kusema karibu. Nikamhimiza, "Sema, mwanangu, sema, mashahidi wanasubiri." Akasema. Bi Tima akaingia, akaomba chumba, akapewa achague, akachagua kilekile chake.

Maombi ya hatimiliki kwa jina la Nuru tuliyapeleka, kwa kuwa siku hizi karatasi ya mkono peke yake haitoshi, na nyinyi msije mkaishia hapo. Lakini nyumba zile za zamani hati zake zina mambo mengi, na Bi Tima akatangulia mbele ya haki miaka minne baadaye, kabla hayajakamilika. Hitima ilipokwisha tu, Feisali akaja na wakili wa kutoka Mombasa.

Ilikuwa faili langu la mwisho kabla ya kustaafu. Wakili alikuwa hodari, sitamwonea. Alimwambia kadhi kwamba hiba ile ni mchezo wa kuigiza. Mama ametoka siku tatu, amerudi na kitanda chake na makasha yake, amekaa mpaka amefia mle mle. Amekabidhi nini? Mashahidi wetu wakaja. Muuza duka akaapa, akasema, "Sheikh, siku ile sijaisahau, nilichelewa kufungua duka kwa ajili ya kitanda." Watu wakacheka, hata kadhi akajifuta mdomo. Lakini aliporudi kuandika hakucheka.

"Kuhama nimekusikia," akasema. "Nataka kujua kurudi kwake. Ile miaka minne, aliishi kama mwenye nyumba au kama mgeni?"

Kuhama nilikuandika kurasa sita, mpaka ufagio. Miaka minne iliyofuata sikuandika hata mstari. Nikamtazama Nuru, amekaa na mikono mapajani, anangoja kuambiwa kama jioni ile ana pa kwenda. Akiulizwa yeye, wakili atasema anajisemea. Nikiulizwa mimi, hati ni yangu, nami najisemea. Nikakumbuka Tchundwa, nikataka ardhi inimeze.

Kadhi hakumuuliza Nuru, wala mimi. Alimgeukia Feisali.

"Bwana Feisali, wewe ulikuwa ukimtembelea shangazi yako. Umeapa. Nieleze ulichokiona."

Feisali akasimama. Nimesema si mtu mbaya, na hapo alilidhihirisha. "Sheikh," akasema, "mara ya mwisho nilifika, shangazi yuko kwa jirani. Nuru akanikaribisha ndani. Shangazi akarudi, mlango uko wazi kabisa. Akasimama nje, akapiga hodi. Mpaka Nuru alipoitika karibu ndipo akaingia."

"Mara hiyo tu?"

"Kila mara, Sheikh. Hata akitoka kumwaga maji ndiani."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza. Aliniambia nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi." Akainamisha kichwa. "Mimi nilidhani ni uzee, akili zimeanza kumpotea."

Wakili wake akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Nje ya korti Nuru alikuwa analia na kucheka. "Nimemwambia mara ngapi aache, Bi Zaina. Mvua inanyesha, yuko nje, hodi, hodi. Alisema weye umemwambia siku moja akiingia bila kubisha, nyumba itamrudia." Mimi sikusema hivyo. Nilimwambia abishe siku ile moja, basi. Miaka minne, bibi yule aliyezaliwa mle ndani alisimama nje ya mlango wake mwenyewe akingoja ruhusa, asije akamharibia Nuru kwa kusahau mara moja. Nililia pale pale, mbele ya askari.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, nyumba ikawa ya Nuru. Feisali hakukata rufaa. Nuru alimwambia asiondoke na njaa, aje ale kwake kabla ya basi la Mombasa, na mimi nikaalikwa pia. Tulifika pamoja, mimi na Feisali. Mlango ulikuwa wazi, na ile ni nyumba aliyozoea kuingia mbio tangu mtoto. Akatia mguu mmoja, akaurudisha nje.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Nuru alikuwa jikoni, namwona kutoka pale mlangoni. Alimsikia, maana mimi nilimwona akitabasamu. Akapakua wali, akafunika sufuria, akanawa mikono, ndipo akamwambia karibu.